Visahani vya Wodi ya Figo

Jumatatu, 3 Machi

Mitingi ya saa tatu ilianza saa nne kasorobo. Mkurugenzi amerudi kutoka maonyesho ya vifaa vya hospitali – siku nne, mkoba mpya, neno jipya. Neno lenyewe ni "kiwango kipya". Analitia kila mahali kama chumvi. Anataka jengo jipya la figo lifungiwe mtandao usio na waya wa hicho kiwango kipya, ili hospitali yetu iwe ya kwanza. Ya kwanza wapi, hakusema.

Mkuu wa mtandao ni mimi, kwa hiyo fomu ya kukubali au kukataa naisaini mimi. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne. Baada ya hapo mafundi wanaziba dari, na waya zikishafunikwa hakuna atakayeruhusu zifukuliwe.

Tatizo: kiwango chenyewe, yaani kanuni za vifaa kuelewana, hakijapitishwa. Wanaokitunga bado wanabishana. Kilichopo ni rasimu, na viwanda vimeshaanza kuuza vifaa kwa rasimu hiyo, vikiahidi kwamba muhuri ukigongwa watarekebisha kila kitu wakiwa hukohuko kwao. Huenda. Miaka kumi na mbili iliyopita, kazini kwangu kwa zamani, niliamini ahadi kama hiyo. Visahani sitini viliishia stoo. Visahani ndivyo ninavyoviita vile vidude vyeupe vya darini vinavyorusha mtandao. Sasa hospitali nzima inaviita hivyo.

Nikasema tusubiri. Tuendelee na kiwango cha zamani, kinafanya kazi. Nikatoa namba yangu: asilimia tisini na tisa nukta sita. Kila vipimo elfu vinavyotumwa na wauguzi, mia tisa tisini na sita vinafika bila kukwama. Miaka sita mfululizo! Huwa naitamka polepole.

Mkurugenzi akasema mimi ningekuwepo zamani ningekataa hata taa ya umeme. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Wananiita Mama Waya, jina la miaka mingi, kwa sababu penye nafasi ya kutandika waya mimi natandika. Sijawahi kulichukia.

Jumanne, 4 Machi

Mwuzaji amekuja. Suti ya buluu, viatu vinavyolia. Wasichana wa mapokezi wamempa jina kabla hajafika ghorofa ya kwanza: Bwana Kasi. Amening'iniza visahani vyake vinne kwenye jengo jipya, akazunguka na tableti mbili alizokuja nazo mwenyewe, moja kila mkono, kama mtu anayeogopa kumwaga chai. Kila kona mtandao umejaa. Akashusha filamu nzima kabla sijamaliza kupiga chafya. Nikamuuliza nani wodini anahitaji filamu. Akacheka sana, kuliko ilivyostahili.

Halafu akanivisha kilemba cha ukoka: eti wataalamu wa aina yangu wamebaki wachache. Nikamuuliza kuhusu tableti zetu za wauguzi, zina mwaka wa nne sasa, zinajua kiwango cha zamani tu. Akasema zitaelewana tu na visahani vipya. "Zitaelewana tu." Nimeiandika kama alivyoisema.

Fundi wa mashine za tiba alikuwa mlangoni anasikiliza. Huyu tuliajiriwa wiki moja, tumezeeka pamoja, na bisibisi haijawahi kutoka mfukoni mwake, ndiyo maana anaitwa Bisibisi. Bwana Kasi alipoondoka akaniambia zitaelewana kama mtu na mama mkwe – heshima nyingi, habari hakuna. Nimecheka mpaka kwenye ngazi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana kulikuwa na tatizo wodi ya figo, ile ya sasa, ghorofa ya pili. Mzee wa kitanda cha kumi na moja presha ilimshuka baada ya kusafishwa damu. Naandika kwa mpangilio, nimeombwa ripoti.

Kazi inavyokwenda: muuguzi anapima, anaingiza namba kwenye tableti, anatuma. Mfumo unalinganisha na vipimo vya nyuma, na namba ikiporomoka unamlilia daktari kwenye simu yake. Mzee huyu siku zote yuko mia na sitini na kitu. Jana alikuwa mia na kumi na mbili. Ukiiangalia peke yake ni namba nzuri hata kuliko presha yangu. Ukiilinganisha ndipo inatisha, na kulinganisha tumeuachia mfumo.

Mashine ya presha ina saa yake: ilipima saa nne na dakika tano. Kipimo kiliingia saa nne na dakika ishirini na saba. Daktari alipofika mzee hajitambui. Leo amezinduka. Mkono wa kushoto hauinuki.

Ofisi ya utumishi imeuliza jambo moja: mtandao ulikuwa na hitilafu kati ya saa nne na saa tano? Nikafungua kumbukumbu. Vipimo vilivyotumwa sitini na kimoja, vilivyofika sitini na kimoja. Nikachapa, nikasaini, nikagonga muhuri. Kazi ya robo saa. Nikanywa chai.

Ijumaa, 7 Machi

Muuguzi aliyepima amepewa barua. Kikao cha nidhamu tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Shitaka: uzembe, kuchelewesha kipimo dakika ishirini na mbili. Akipatikana na hatia ni kufukuzwa, na leseni inapelekwa baraza la wauguzi.

Ripoti yangu ndiyo kielelezo cha kwanza.

Muuguzi mwenyewe namfahamu kwa sura. Wenzake wanamwita Kimya. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, anaitikia salamu kwa kichwa. Sina la kuongeza. Mtandao ulikuwepo, yeye alichelewa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda jengo jipya peke yangu, kabla mafundi hawajaingia. Nimeazima tableti nne za wodi ya figo kwa Mkuu wa wodi. Alinipa bila kuniuliza za nini, na bila kunitazama.

Jaribio: natembea na tableti ya zamani kutoka kisahani kipya kimoja kwenda kingine huku natuma namba za uongo. Bwana Kasi hakufanya hivyo na tableti zetu hata mara moja. Mara arobaini nimevuka. Mara kumi na moja tableti iling'ang'ania kisahani cha nyuma, ikaganda. Nyingine sekunde tisa, nyingine dakika mbili. Mara tatu ilibidi niizime.

Kumi na moja kati ya arobaini! Nilirudi nyumbani kifua mbele. Mume wangu akauliza nimeokota nini.

Kitu kimoja cha ajabu kidogo. Nyuma ya tableti moja kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia sindano, imeandikwa kwa kalamu: 9 – 138, 10 – 151, 12 – 144. Nikaibandua, nikaitupa. Nilidhani uchafu.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu alikuwa mpima ardhi miaka thelathini na mbili, na tangu astaafu anapima ua wa nyumba. Nimemweleza habari za kikao, kwa sifa, nikiri: namba yangu, kumbukumbu zangu, sitini na moja kwa sitini na moja. Akaendelea kumenya viazi. Halafu akauliza wodi ile niliipima lini kwa miguu yangu.

Nikamwambia miaka sita iliyopita, tulipofunga.

Akauliza kama tangu hapo hawajajenga kitu.

Nikamwambia aangalie viazi vyake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudisha tableti wodini. Ningeweza kumtuma mtu. Nimepanda mwenyewe.

Nilikaa kwenye benchi la wageni saa moja na nusu, nikijitia hamnazo na simu yangu. Vitanda kumi na sita, korido moja ndefu. Muuguzi anapima kitanda cha tisa. Haingizi kitu kwenye tableti. Anaandika kwenye plasta aliyojibandika mkononi, hapa juu ya kifundo. Cha kumi, anaandika. Cha kumi na moja, cha kumi na mbili, mpaka cha kumi na sita. Halafu anamwambia mwenzake, "Naenda posta."

Posta! Posta ni dirisha la stoo ya mashuka, mwisho wa korido. Anasimama pale, anaingiza namba zote kutoka kwenye mkono, anatuma, anabandua plasta, anarudi. Wa pili akafanya hivyohivyo. Wa tatu pia. Nilihesabu hatua: arobaini na sita kwenda.

Nikamuuliza Mkuu wa wodi, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kwa nini. Mwanamke mnene, mpole kwa wagonjwa tu. Akasema kitandani hakushiki. Kuanzia cha tisa mpaka cha kumi na sita hakujawahi kushika. Muuguzi mgeni anafundishwa siku ya kwanza: choo kile pale, glavu hizi hapa, posta dirishani.

Tangu lini?

Tangu eksirei ihamie upande wa pili wa ukuta.

Eksirei ilihamia pale miezi mitatu baada ya mimi kupima. Ukuta wa eksirei una bati la madini ya risasi ndani yake, la kuzuia miale, na mtandao nao haulipenyi. Hilo najua. Kila mtu wa kazi yangu anajua.

Jumanne, 11 Machi

Nimepima leo, na kipimio, kitanda kwa kitanda. Cha kwanza mpaka cha nane: safi. Cha tisa mpaka cha kumi na sita: hakuna kitu. Yaani hakuna.

Ofisini nimefungua kumbukumbu zote za miaka sita. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Namba yangu inahesabu vipimo vilivyojaribu kutumwa vikakwama. Mahali ambapo tableti haisikii mtandao kabisa, hakuna linaloandikwa. Na wauguzi hawajaribu kutuma kutoka pale, wana akili zao, wanakwenda dirishani. Kwa hiyo kila kinachotumwa kinatumwa mahali pazuri. Kwa hiyo kinafika. Kwa hiyo tisini na tisa nukta sita. Namba ile ni miguu ya wauguzi.

Na ilikuwepo machoni pangu! Kisahani namba saba, kile cha juu ya stoo ya mashuka, kinabeba kazi mara nne ya wenzake. Kila mwaka. Ripoti ya mwaka juzi nimeandika kwa mkono wangu kwamba namba saba ndicho kisahani chenye afya kuliko vyote hospitalini. Nilikisifu.

Nikamrudia Mkuu wa wodi. Kwa nini hawakulalamika? Akanitazama kama mtu anayechagua maneno, halafu akaacha kuchagua. Akasema: "Mama, fomu yako ya malalamiko iko kwenye mtandao." Walijaza dirishani mara ya kwanza. Wakajibiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha hakuna hitilafu. Mara ya pili wakajibiwa vilevile. Mara ya tatu hawakujaza.

Aliyejibu ni mimi. Nimeyaona majibu yangu, yote mawili, yana adabu sana.

Nimeona aibu. Naliandika neno lenyewe lilivyo. Nilifunga mlango wa ofisi nikakaa na ile ripoti yenye saini yangu, kielelezo cha kwanza, na sikuweza kunywa chai.

Jumatano, 12 Machi

Kimya amesimamishwa kazi, lakini amekuja kurudisha sare. Nilimkuta stoo ya mashuka, anazikunja vizuri kuliko zilivyokuwa zimetoka dukani. Nikamwomba anieleze. Akamaliza kukunja ya mwisho kwanza.

Akasema alimpima mzee, akaandika mkononi, akapima na wengine, akaanza kwenda posta. Njiani mgonjwa wa kitanda cha tisa akatapika, mwanamke aliyetoka kufungwa mrija. Akamshika. Akambadilisha shuka. Akaosha mikono, kwa uangalifu, asilowanishe plasta. Akaenda posta.

Namba ya mzee ilikuwa mkononi mwake dakika zote hizo, anaiona. "Ilikuwa namba nzuri, Mama," akasema. "Ingekuwa mbaya ningepiga kelele."

Nikamuuliza kwa nini kwenye maelezo yake hakuandika habari za posta. Ameandika mstari mmoja tu: nilichelewa, naomba radhi. Akasema wangemuuliza kwa nini anatumia plasta, na plasta ni marufuku.

Kweli ni marufuku. Waraka upo, umebandikwa mlangoni pa stoo hiyohiyo, mgongoni pake: ni kosa kuandika vipimo vya wagonjwa popote nje ya mfumo. Waraka wa miaka minne iliyopita. Nauliza ulitoka wapi? Ofisi yangu. Niliona namba zinaingia kwa mafungu, saba saba, nane nane, nikaona ni uvivu.

Ana watoto watatu, na mama yake anakaa naye. Hili hakulisema yeye, nimelisikia kwa mwingine.

Mchana nikala na Bisibisi. Nilimmwagia yote. Alitafuna mpaka akamaliza, halafu akasema visahani vinne tu vya zamani, vikifungwa upande wa huku wa ukuta, vingetosha. Vinne. Akaniuliza vingapi viko stoo kwangu. Kumi na kimoja. Vina vumbi.

Kwa hiyo ugonjwa wa wodi ile haukuwa kiwango cha zamani. Dawa yake ilikuwa waya mita sitini na asubuhi moja ya ngazi.

Bisibisi akasema jambo jingine. Nikisema ukweli huu Ijumaa, Mkurugenzi ataudaka hewani: mnaona, mtandao wa zamani haufai, leteni mpya. Na mpya, kwa tableti zetu, unaganda mara kumi na moja kati ya arobaini. Unaganda popote, bila kujulikana. Wauguzi watapoteza hata posta. Nikinyamaza, jengo jipya linapata visahani vya zamani kama ninavyotaka, na Kimya anakwenda na maji.

Nikamwambia nimeshaliona hilo. Sikuwa nimeliona. Niliona nusu.

Alhamisi, 13 Machi

Sikupenda Mkurugenzi alisikie kikaoni mara ya kwanza. Nimemwendea saa tatu. Nilisema kwa ufupi: kumbukumbu zangu hazioni vitanda vinane, muuguzi hakuzembea, natengua ripoti.

Nilitegemea hasira. Akainuka akafunga mlango, akarudi anatabasamu! Akasema nimempa sababu aliyoikosa. Kisha akaipanga, na alivyo hodari wa kupanga, sikuweza kuona ufa mara moja. Kesho niseme kwamba kiwango cha zamani kimezeeka. Hakipenyi kuta za siku hizi. Basi. Muuguzi anaachiwa, kwa sababu kosa ni la teknolojia. Mimi sina doa, kwa sababu hakuna anayelaumiwa kwa kitu kuzeeka. Fomu naisaini palepale mbele ya kikao, mafundi wanafunga visahani vipya, Jumatatu dari inazibwa. Kila mtu anatoka na chake.

Nikamwambia kiwango kipya nacho hakipenyi risasi. Akasema vitaongezwa visahani. Nikamwambia tukiongeza, hata vya zamani vinatosha. Nikamwonyesha karatasi ya majaribio, kumi na moja kati ya arobaini. Akaisoma kweli, simnyimi haki yake. Akasema Bwana Kasi ameahidi marekebisho robo ya mwaka ijayo, na tableti mpya zimo kwenye bajeti ya mwaka kesho. Kati ya sasa na wakati huo wauguzi watavumilia kidogo, si wamezoea?

Wamezoea. Hapo nilikasirika. Halafu nikakumbuka nani amewazoesha.

Akanisindikiza hadi mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, ya upole hata, kwamba nimebakiza miaka mitatu nistaafu, na kwamba mtu aliyetoa ripoti ya uongo kwenye shauri la nidhamu anaweza kujikuta na shauri lake mwenyewe. Hakunitisha. Alikuwa ananikumbusha kama unavyomkumbusha mtu mwavuli.

Nyumbani nimemweleza mume wangu. Nilitaka aniambie la kufanya, anikasirishe, nifanye kinyume. Hakuniambia. Akasimulia habari ya mpaka mmoja alioukosea ujanani, hatua kumi na mbili, kati ya mashamba ya ndugu wawili. Nikamuuliza alikwenda kuwaambia? Akasema alikwenda. Baada ya miaka tisa.

Nimeandaa karatasi mbili. Ya kwanza inasema kiwango kimezeeka. Ya pili inasema ukuta wa eksirei uliwekwa, sikupima tena, niliulizwa mara mbili nikajibu kutoka kitini. Zote mbili zinamwachia Kimya. Nimezisoma zote kwa sauti. Ya kwanza inasomeka vizuri zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano na dakika kumi. Tumepewa mapumziko, naandika kwenye goti, korido ya utawala.

Ukumbi mdogo, meza ndefu, watu watano wa kamati. Mwenyekiti ni daktari wa upasuaji, mzee, hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo kila jambo linasemwa mara mbili. Mkurugenzi kakaa pembeni kama mwalikwa. Mbele ya meza kiti kimoja peke yake, na Kimya juu yake, mikono mapajani. Sisi wengine ukutani: Mkuu wa wodi, Bisibisi, mtu wa utumishi, mimi. Bwana Kasi naye yupo! Sijui nani kamwalika. Viatu vimelia ukumbi mzima.

Wakamsomea shitaka. Wakamuuliza ana la kusema. Akasema alichelewa, anaomba radhi. Mwenyekiti akamwambia arudie, akarudia. Sauti yake ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Kielelezo cha kwanza kikainuliwa. Hapo nikasimama kabla sijaitwa. Nikasema ripoti ile naitengua. Kumbukumbu zangu haziwezi kuona vitanda vya tisa hadi kumi na sita, mtandao haufiki pale na haujafika kwa karibu miaka sita. Muuguzi alitembea hatua arobaini na sita kutuma kipimo, kama wenzake wote wanavyotembea kila siku. Nikayasema mara mbili, kwa ajili ya sikio la mwenyekiti. Nilisikia Mkuu wa wodi akivuta pumzi nyuma yangu.

Kamati ikanong'ona. Mwenyekiti akasema shauri dhidi ya muuguzi halina miguu tena. Kimya hakuinua kichwa. Nadhani hakuelewa. Bisibisi alikwenda akamgusa bega.

Kisha mwenyekiti akaniuliza mimi. Kwa nini mtandao haukufika pale miaka yote hiyo? Mkurugenzi akanitazama kwa wema kabisa, akaniitikia kwa kichwa kidogo, kama mwalimu anayemsaidia mtoto kukumbuka. Nikafungua mdomo. Mwenyekiti akatazama saa akasema tunywe chai kwanza, nijibu tukirudi.

Sijanywa. Karatasi zote mbili ziko mfukoni. Mkuu wa wodi amepita, amesimama, akasema nimefanya vizuri kumtoa binti yule. Nikasema asante. Hajawahi kuniambia neno zuri. Nililipenda kuliko nilivyostahili.

Fundi wa dari amenifuata mpaka huku, na kofia yake mkononi, anauliza Jumatatu waje na visahani vipi. Nimemwambia asubiri kidogo.

Wanaingia. Nami nimeingia, naandika nimesimama. Kamati imekaa. Kimya wamempisha ukutani, kati ya Mkuu wa wodi na Bisibisi, mahali nilipokuwa nimekaa mimi. Ameegemea. Bwana Kasi kavuta kiti chake karibu na Mkurugenzi. Ukuta umejaa. Kiti kilichobaki ni kimoja, kile cha mbele ya meza.

Mtu wa utumishi ameiweka fomu ya kiwango kipya pale mbele, ikitazama kiti, na kalamu juu yake. Mwenyekiti ananionyesha nikae. Anarudia swali lake, kwa sauti kubwa, ingawa mimi nasikia vizuri.